Pakiti Kumi na Moja za Piko

Wajameni, leo sina pa kuuficha uso. Ningeuficha kwenye ndevu, lakini ndevu ndizo zilizoniponza.

Naandika nikiwa stoo, nimekalia gunia la karafuu, mlango nimeufunga kwa ndani. Huko nje Mhina kinyozi anasimulia. Namsikia vizuri. Kila mpita njia anapewa kisa chote tangu mwanzo, na kila akikirudia ananiongezea pakiti. Basi nimeona niwahi kuwaandikia nyie niliosoma nanyi, kabla hakijawafikia kimeshanenepa.

Tuanze na duka, kwa wale waliohama Tanga siku nyingi. Mama yangu, Bi Zuhura, bado anauza palepale Ngamiani. Udi, hina, mafuta ya nazi ya Pangani, karafuu za Pemba. Na piko. Piko ni ile rangi nyeusi. Wanawake huchorea mikono, wanaume wenye mvi hupaka ndevu. Wanawake huinunua kwa mlango wa mbele huku wanapiga soga. Wanaume huinunua kwa mlango wa nyuma.

Mlango huo wa nyuma una historia. Miaka ile ya foleni, tulipokuwa tunaacha mawe yatushikie nafasi kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni, mama aliuza sabuni iliyovushwa kutoka Mombasa, akiipitishia jikoni. Mnunuzi hakuulizwa jina. Alitoka na sabuni ndani ya kanga, na jirani akiuliza fulani kaipata wapi, mama hajui, hajaona, wala hajapata kusikia kitu kiitwacho sabuni. Baadaye biashara ikaruhusiwa, kila mtu akaleta chake, mama akafungua mlango wa mbele na kuandikisha ubao. Ila wa nyuma hakuuziba. Wenye mvi wakaurithi. Anayekuja anagonga, anapewa kifurushi cha gazeti, piko chini na karafuu juu. Nyumbani kikifunguliwa, ni karafuu.

Sasa mimi. Miaka arobaini na saba, ndevu nyeusi tii. (Za asili. Babu yangu alizikwa na ndevu nyeusi, wengine wenu mlikuwepo.) Mhina, ambaye kibanda chake cha kunyolea kinatazamana na duka letu, ameshikilia miaka nenda miaka rudi kwamba ndevu za umri huu haziwi hivi bila msaada. Na miaka nenda miaka rudi mimi naapa.

Mwaka wa pili huu namsihi mama tuliweke duka mtandaoni. Si kwa kufuata mkumbo. Mteja wa Muheza anataka udi leo, hataki kupanda gari kuufuata. Wasichana wananunua kwa simu, dukani wanapita tu. Mama anazeeka, na mimi naogopa duka litazeeka naye. Hilo ndilo lililonikosesha raha, si jingine. Wiki iliyopita akakubali kwa sharti: leo Jumamosi nimwonyeshe, mbele ya mteja wa kweli. Ikiharibika, jambo hilo tusilitaje tena maadamu yeye yu hai.

Aliniuliza swali moja tu.

"Na asiyetaka kujulikana, ataingilia mlango gani?"

"Mama, mtandaoni hakuna milango," nikamjibu. (Nikajiona msomi.)

Nikaanza kutafuta huduma: kampuni inayokupa kikapu cha kununulia na njia ya kupokea malipo. Kumbe ziko tele! Na mimi mnajua ugonjwa wangu, siwezi kuona kitufe nikakiacha. (Kile kizima moto cha maabara. Tusirudie hapo.)

Ya kwanza ilidai kadi ya benki, kisha, nilipojaribu kumtumia mzigo binamu yangu aliyeko Ushongo, ikataka namba yake ya posta. Binamu yangu anwani yake ni mnazi uliopinda. Nikaachana nayo.

Ya pili nikaibatiza Mkimya. Ukurasa mweupe, maandishi meusi, picha za bidhaa ndogo kama stempu. Unachagua, unalipa kwa simu, unapata ujumbe: oda namba fulani imelipwa, asante. Basi. Ukisema utajichukulia mwenyewe dukani, haikuulizi hata jina. Nikaiona ya kishamba, na mama nikamwambia hivyo.

Ya tatu nikaiita Bashasha. Jamani, Bashasha! Rangi kila mahali. Ukitia kitu kikapuni, kikapu kinatikisika. Inakusalimu kwa jina, inakuuliza unatoka mtaa gani, ukiondoka inakuambia usipotee. Na sentensi zote inakuachia uziandike mwenyewe kwa Kiswahili chako. Nikapenda, nisiwadanganye.

Ila huwezi kumkabidhi mtu duka la mama yako bila kumjaribu. Siku tatu nikawa mteja. Nilitaka kujua kila kitu. Mteja akibonyeza kulipa mara mbili kwa haraka, inakuwaje? (Inakukata mara mbili, kisha inaomba radhi.) Simu ikizimika katikati ya malipo? Nikaizima. Mtandao ukiwa wa kusuasua kama wa Ushongo? Nikaingia na simu nyuma ya tangi la maji, nikalipia huko nimechuchumaa. Watu wawili wakigombea pakiti ya mwisho kwa wakati mmoja? Nikashika simu mbili, moja kila mkono, nikabonyeza kwa vidole gumba sawia. Mkono wa kushoto ulishinda. Nilifurahi kwa kweli. Kila jibu lilinizalia swali jingine.

Na kwa kuwa nilikuwa nalipa kwa pesa yangu, nilichagua kitu cha bei ya chini kuliko vyote dukani.

Piko ya ndevu.

Pakiti kumi na moja, zote kwa Bashasha, kwa jina langu na mtaa wangu. Kila nikinunua nilitoa pakiti, nikaihesabu kuwa imefika, nikairudisha rafuni. Mama alikuwa ananitazama toka kwenye kigoda chake. Hakuuliza.

Jana alasiri nikaona kitufe kilichonipita: "Onyesha kuwa duka lina watu." Chini yake nafasi ya kuandika sentensi. Nikaandika kwa ufasaha wangu wote: fulani wa mtaa fulani amenunua kitu fulani. Nikakibonyeza. Kimya. Nikakibonyeza tena. Kimya. Nikadhani kibovu, nikaendelea na mengine. (Kumbe maneno hayo huonekana kwa mteja tu. Mwenye duka haoni. Hilo nimelijua leo saa nne asubuhi, pamoja na wengine wote.)

Leo basi. Mteja wa kweli tuliyemwalika ni Bi Mwanahawa, mkunga mstaafu, anayenunua kwa mama tangu enzi za sabuni. Ndiye aliyenipokea hata mimi. Ni mtu mwenye heshima zake, ana simu nzuri aliyoletewa na mwanawe, na ana tabia moja: husoma kwa sauti. Chochote. Karatasi ya dawa, kibao cha barabarani, ujumbe wa siri.

Nikampa shikamoo, nikamkalisha kwenye kiti. Mhina hakualikwa. Alituona tumejikusanya, akavuka barabara na mkasi mfukoni, akamwacha mteja wake kibandani na kichwa nusu.

Nikatoa hotuba. Nikaeleza malipo, kikapu, oda. Bi Mwanahawa akafungua duka kwenye simu yake. Akachagua udi, kikapu kikatikisika, akatabasamu. Nikamtazama mama. Mama naye alikuwa ameinama kuangalia, na nikamwona amelegea kidogo. Nikasema moyoni, tayari.

Pale chini ya kioo kikachomoza kijisanduku cha kijani.

"Hamza wa Ngamiani," akasoma Bi Mwanahawa taratibu, "amenunua piko nyeusi ya ndevu. Jana."

Nikasema hicho ni kitu kidogo, nikanyoosha mkono niichukue simu. Akaisogeza mbali nami bila kunitazama. Mikono ile imezalisha nusu ya mtaa, hainyang'anywi kitu.

Kikachomoza kingine. Hamza wa Ngamiani amenunua piko nyeusi ya ndevu, pakiti mbili. (Ile ya kubonyeza haraka.) Kingine. Hamza. Kingine. Hamza. Bi Mwanahawa alikuwa anahesabu kwa vidole, vya mkono wa kuume vikaisha, akahamia kushoto, navyo vikaisha, ikabidi aazime cha mama. Na mwisho kabisa Bashasha, kwa hiari yake, bila kuandikiwa na mtu, ikatoa kijisanduku cha dhahabu chenye nyota: Mteja wetu bora wa wiki, Hamza.

Mhina alikuwa ameshakaa chini sakafuni.

"Pakiti kumi na moja," alisema alipoipata pumzi. "Kwani hizo ndevu zako zinaishia wapi, yakhe?"

Nikajieleza. Na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozama. Jaribuni nyie kueleza kwamba mlinunua piko nyuma ya tangi la maji, mmechuchumaa, kwa ajili ya utafiti. Mhina akaniuliza kwa upole wa hakimu, hizo pakiti ziko wapi basi? Nikasema ziko rafuni. Zipi? Nikatazama rafu. Piko zote zinafanana.

Nikashika njia niliyoizoea. Nikaapa kwamba ndevu zangu ni nyeusi za kuzaliwa.

"Za kuzaliwa?" akasema Bi Mwanahawa. "Miye ndiye niliyekupokea. Ulikuja kipara."

Hapo nikakumbuka kwamba ninaye shahidi. Mama aliniona siku tatu zote. Aliniona nikitoa na kurudisha, nikitoa na kurudisha. Neno lake moja tu lingenisafisha mbele ya Ngamiani nzima. Nikamgeukia, nikamwomba awaambie kwamba mimi sikununua piko, nilikuwa najaribu mtambo.

Mama akakaa vizuri kwenye kigoda chake, akatandaza kanga magotini.

"Miye sijapata kusema mtu kanunua nini kwangu," alisema. "Wala sijapata kusema nini hakununua. Sianzi leo, hata kwa mwanangu."

Bi Mwanahawa akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hiyo ndiyo sababu hajahamia duka jingine miaka yote. Mhina akanyanyuka, akafuta machozi, akatoka kwenda kuutangazia mtaa. Alianza na yule mteja wake wa kichwa nusu.

Mama akaomba simu. Akakitazama kile kijisanduku cha kijani.

Akaniuliza, angekuwa mwingine aliyenunua, ingemsema vilevile? Nikajibu ndiyo. Kwa jina na mtaa? Ndiyo, mama. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Nikawafikiria wale wazee wanaogonga mlango wa nyuma miaka yote hii, wengine wamenifundisha darasani, wengine nasali nyuma yao. Kidogo tu ningewaweka kwenye kioo cha simu ya kila mtu, na nyota juu. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli. Ile ya ndevu ilikuwa utani. Na nikajua duka la mtandaoni limekwisha, nimeliua kwa mkono wangu.

"Na yule mwingine uliyemwita mshamba," mama akasema. "Asiye na rangi. Ulipomjaribu yeye, alisema nini?"

Nikamwambia hakusema kitu. Alitoa namba ya oda tu.

"Jina?"

"Haulizi jina, mama, mtu akija kuchukua mwenyewe."

Akamrudishia Bi Mwanahawa simu yake.

"Si ulinambia huko hakuna milango? Huyo ndiye mlango wa nyuma. Mweke huyo."

Nilitaka kumbusu mkono, nikaona haya mbele ya mgeni. Ila macho yalinilowa, nakiri.

Basi duka liko hewani, wajameni. Bashasha nimeifunga. (Iliniuliza mara tatu: una uhakika, Hamza?) Mkimya nimeiwasha kabla ya adhuhuri, na kiungo chake ndicho kile nilichowatumia humu kundini bila maelezo. Bi Mwanahawa amenunua udi wake upya na hakuna aliyejua isipokuwa yeye, mama na mimi. Na barabara nzima, maana alisoma risiti kwa sauti.

Mimi nimebaki na sifa yangu mpya. Mchana huu watu wawili wamenipita wakanitazama kidevuni kabla ya kunisalimu. Mhina ametundika kibandani kipande cha boksi: tunapaka piko, muulize Hamza. Sitaki kuzungumzia.

Jambo moja la mwisho, kisha nitafungua mlango niende kukabiliana na dunia. Tangu adhuhuri zimeshaingia oda tano. Moja ni mafuta ya nazi. Nne ni piko ya ndevu. Majina hayapo, Mkimya haulizi. Ameniletea namba za simu tu, nijue nimpigie nani mzigo ukiwa tayari.

Namba mbili zimo humu kundini.

Sisemi za nani. Nimelelewa na Bi Zuhura. Vifurushi nimevifunga mwenyewe, gazeti nje, karafuu juu. Njooni kwa nyuma, mmoja mmoja. Na nawaomba msinicheke, hasa nyie wawili.