Dawa ya Tairi Mpya ya Gaétan Boily

Theluji ya kwanza ilipoanguka mjini Chicoutimi, watu wenye akili timamu walitazama barabara. Gaétan Boily alitazama watu. Alikuwa amejibanza nje ya duka la tairi la Bi Rollande Gauthier na kikombe chake cha kahawa, akawasikia wateja wakilia kilio kimoja: wametoka kufunga tairi mpya za baridi, mifuko imebaki inapiga miayo, na bado gari linateleza kama sabuni bafuni.

Gaétan aliwahi kuwa fundi wa kufunga tairi, kabla ya kufukuzwa kwa mambo ambayo hapa si mahali pake. Alijua kwamba tairi hutoka kiwandani na utelezi juu yake, mabaki ya ute unaoizuia isigande kwenye kalibu, chuma cha kuiumbia. Ukiendesha polepole siku kadhaa, bila kukanyaga breki kwa hasira, utelezi hulika wenyewe na tairi huanza kung'ata barabara. Ukweli mzuri kama huo, Mungu amsamehe, aliutia kwenye chupa.

Ndani ya chupa mlikuwa na maji, siki na rangi ya kijani. Mteja wake wa kwanza alikuwa wakili Duchesne, bwana mwenye gari kubwa na moyo mdogo wa kutoa pesa.

"Unapulizia magurudumu yote manne," Gaétan alimweleza kwa upole wa padri. "Halafu wiki nzima unaendesha kama umempakia mama mkwe kashika sufuria ya supu ya moto. Ukikimbia tu, dawa inakufa."

Wiki ikapita, gari la wakili likashika barabara kama kupe, naye akarudi na shemeji zake kutafuta chupa nyingine. Utapeli ulioje huo, mgonjwa ajitibu mwenyewe kisha aje kukushukuru! Mji mzima ukaanza kunuka siki.

Bi Rollande aliyaona yote kupitia dirisha. Alikuwa mjane mwenye sauti ya kukwaruza na subira ya paka. Alasiri moja alimwita Gaétan ndani, akamwekea pai ya nyama ya moto, akamwambia anataka kununua siri ya dawa aiuze mwenyewe. Gaétan alikuwa na safari ya kuvuka milima kwenda jiji la Québec, kwenye madereva wengi wasioijua sura yake, na gari lake lilikuwa na tairi vipara. Akaomba tairi nne mpya za baridi. Wakapeana mikono.

Akamnong'oneza mapishi aliyoyatunga papo hapo: maji ya mto yaliyochotwa kabla ya jua, siki, na utomvu wa msonobari uliochemshwa mara mbili. Bi Rollande alisikiliza bila kupepesa, akamkatia kipande cha pili cha pai huku gari likifungwa tairi uani. Gaétan hakwenda kukagua. Mtu anayeshangilia wizi wake haoni vizuri.

"Mwanzoni zitateleza," Bi Rollande alimwambia mlangoni. "Wewe unajua kuliko mimi, mwanangu. Nenda nazo taratibu."

Zikateleza kweli. Gaétan hakujali, kwani ndivyo tairi mpya zilivyo. Aligonga mapipa ya taka ya jirani, akajifariji kwamba utelezi bado haujalika. Akaiahirisha safari kwa wiki moja, kisha nyingine. Baridi ilizidi kukaza na mpira ukawa mgumu kama gogo, naye bado anasubiri, mtaalamu wa watu, akijipa moyo kwa maneno yake mwenyewe.

Asubuhi moja, kwenye mteremko mkali wa mjini, gari lilianza kurudi nyuma huku breki imekanyagwa hadi mwisho. Likashuka polepole, likajigeuza kwa madaha kama bibi harusi, likazama kwenye rundo la theluji mbele ya duka la mikate. Wakili Duchesne akatoka na mkate kwapani, nyuma yake wateja wengine wawili wa Gaétan, na kumuuliza kwa huruma kama alisahau kujipulizia dawa.

Wakili akaleta chupa yake, akainama kupuliza. Akafuta theluji ubavuni mwa tairi, na ile alama ya mlima na chembe ya theluji inayotambulisha tairi za baridi ikatoka yote kwenye glavu yake. Ilikuwa imechorwa kwa rangi tu.

"Boily," alisema, "hizi ni za kiangazi."

Gaétan alikwenda dukani kwa miguu, amevimba kwa maneno. Akakuta foleni imefika mlangoni, na juu ya kaunta chupa za kijani zenye jina la Rollande. Sura zote kwenye foleni alizifahamu, na baadhi zilikuwa na mikono minene ya wakata magogo.

"Uliendesha taratibu?" Bi Rollande alimuuliza mbele ya wote.

Akisema tairi ni za uongo, huyu mama atasema dawa nayo ni ya uongo, na aliyeitunga ni nani. Gaétan akatoa pochi. Akanunua tairi nne za kweli kwa bei ya dukani, na mavuno yake yote ya majira yakaishia hapo. Safari hii alisimama uani, akapapasa kila kashata, yale matuta ya usoni mwa tairi, kwa vidole vitupu.

Kesho yake alivuka milima kwenda Québec, polepole mno, malori yakimpigia honi kwa nyuma. Hakuongeza mwendo. Tairi zilikuwa mpya.