Ufunguzi Rasmi wa Ukumbi Mpya wa Kusomea

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amemtuma mwakilishi. Mheshimiwa Mwakilishi, ambaye tumeambiwa yuko njiani. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Ukumbi, wa Kamati Ndogo ya Ukumbi, na wa Kamati ya Kuzipatanisha Kamati hizo mbili. Bibi Mkutubi Mkuu. Mama mkwe wangu, uliyekaa safu ya pili kwa unyenyekevu wako na si kwa kosa langu. Wahadhiri, wanafunzi, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi. Wanafunzi wa nyuma bado wanatafuta pa kusimama.)

Mimi si msemaji. Mke wangu atawathibitishia, ingawa yeye huwa analisema jambo hilo kwa maneno mengine. Nitasema machache tu (mtu anaguna), na machache hayo nimeyagawa katika sehemu nne.

Nikiwa Mkurugenzi wa Huduma, Rasilimali na Matukio ya Maktaba ya chuo hiki, najivunia kusimama mbele ya pazia hili jekundu, ambalo nyuma yake mna Ukumbi Mpya wa Kusomea, tulioubuni kwa kuzingatia visheni, misheni na fremuweki ya kimkakati ya kuoanisha miundombinu ya kidijitali na matarajio ya wadau, yaani ninyi, ambao katika utafiti wetu wa kina asilimia tisini na nane mlisema mnahitaji mahali pa kukaa, na asilimia mbili waliobaki walikutwa wamesinzia kwenye ngazi. (Kicheko.)

Msicheke, jamani. Kwenye ngazi hizo hizo anasomea binti yangu. Yuko mwaka wa mwisho, mitihani inaanza Jumatatu, na leo amekuja na begi lake, chupa yake ya maji na darasa lake zima, wanasubiri nimalize waingie. (Makofi marefu, ya kwanza yasiyoongozwa na mshereheshaji.) Asubuhi nimemwambia, "Mwanangu, leo utakaa kwenye kiti." Akanijibu, "Baba, hata mwaka jana ulisema hivyo." Watoto wa siku hizi wana kumbukumbu kali, na hayo, waheshimiwa, ni matunda ya maktaba.

Nije kwenye mafanikio. Mwaka huu tumezindua Kampeni ya Ukimya Maktabani, kwa bendi ya tarumbeta, hii hii mnayoiona hapa pembeni. (Bendi inapiga kidogo.) Tumeadhimisha Wiki ya Usomaji, ambayo ilitulazimu kuifunga maktaba wiki nzima ili wageni wapate pa kulia chakula. Tumeendesha warsha ya kutafuta vitabu kwenye katalogi ya kompyuta, na sasa mwanafunzi yeyote anaweza kujua, bila hata kufika kaunta, kwamba kitabu anachokitaka hakipo. (Sauti kutoka nyuma: "Na wi-fi je, mzee?") Wi-fi ipo. Nywila ninayo mimi, kwa usalama wenu.

Wapo wanaouliza kwa nini chumba cha zamani cha kusomea kimekuwa kitupu. Bibi Mkutubi Mkuu naye alinifuata ofisini, akasema, "Bosi, ukivichukua viti, wanafunzi watakaa wapi?" Nikamwambia, "Mama, watakaa kwenye ukumbi mpya." "Na wageni wa uzinduzi?" Nikamwambia, "Ndiyo maana nachukua viti." Alinitazama kwa muda, nadhani kwa heshima. (Mkutubi Mkuu anatikisa kichwa.) Kwa hiyo viti mlivyokalia vimetoka kule, na jukwaa hili ni meza zake, zimeunganishwa kwa ustadi mkubwa, ingawa moja inayumba, na mimi, kwa uzito niliojaliwa na Mungu na mapishi ya mke wangu, nimesimama juu ya hiyo hiyo.

(Binti, kutoka pembeni: "Baba, fungua pazia.")

Mmesikia sauti ya mdau. Basi semeni nami: Maktaba, hoyee. (Wachache: "Hoyee.") Kiti kwa kila msomaji, hoyee. (Nyuma kote: "Hoyee.") Ukimya, hoyee. (Kelele kubwa, tarumbeta.)

(Pazia linavutwa. Ni ukuta. Kwenye ukuta umechorwa mlango. Unafuata ukimya ambao kampeni haikuwahi kuupata.)

Asanteni. Namshukuru kwa dhati fundi rangi, aliyeuchora mlango huu vizuri kiasi kwamba jana mimi mwenyewe niliupapasa nikitafuta kitasa. Naishukuru Kamati ya Ukumbi, ambayo baada ya ziara za mafunzo na upembuzi yakinifu iligundua kwamba nyuma ya ukuta huu ni barabara. Suala la upande wa ndani litashughulikiwa katika awamu ya pili. Mwanangu, usinitazame hivyo, nawe una macho ya mama yako.

(Binti anakuja mbele, anaweka begi lake juu ya jukwaa, karibu na viatu vya mkurugenzi. "Baba, shuka.")

Sijafika sehemu ya nne.

("Shuka tu, baba. Umesimama kwenye meza yetu." Wenzake wameanza kuzitenganisha meza, kuanzia mwisho. Mama mkwe anainuka, anamkabidhi mwanafunzi kiti chake, na safu ya mbele, ikiona hivyo, nayo inainuka.)

Basi, waheshimiwa, nawashukuru kwa kunisikiliza. Mtu anishike mkono, hii inayumba. Na ninyi wa bendi, tafadhali, wekeni chini hayo matarumbeta. Watu wanasoma.