Nilivyompokea Mama Mkwe kwa Ukimya

Marafiki, leo aibu imenikuta mchana kweupe, kwetu Mikelenge, hapa Kindu, mbele ya mama mkwe na majirani wote. Nawaandikia nikiwa nimejifungia chumbani.

Kwa wasionijua: mimi ni Mwamini, fundi wa kushona nguo, na nina usonji. Daktari aliita otisme. Shangazi yangu anasema tu nilizaliwa hivyo, na wote wawili wako sahihi. Kelele zinaniumiza. Kutazamana na watu machoni kunanichosha. Ukiniambia jambo, naliamini kama ulivyolisema. Wakati wa vita, nikiwa mtoto, tulikimbilia porini upande wa Lokandu, risasi zikilia, nikaziba masikio kutwa nzima. Watu wakasema, "Sisi wote tunaogopa masasi." Kweli. Vita ikaisha, wenzangu wakaondoa mikono masikioni. Mimi nimeendelea hadi leo, kwa sababu ya kwaya na mashine ya kusaga mihogo.

Mchumba wangu Bahati anauza vipuri vya pikipiki kule Kasuku. Mama yake, Mama Masika, ni mfanyabiashara kutoka Butembo, na tangu mwanzo alikuwa na mashaka na mimi. Msichana gani haangalii watu usoni? Juzi nikaamua kumwambia ukweli.

"Mama, miye niko na otisme. Njo maana siwezi kukuangalia mu macho. Haiko zarau."

Akanishika bega (niliruka kidogo).

"Eh, mutoto yangu, usijisumbue. Sisi wote tuko vile kidogo. Hata miye."

Hata yeye! Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani. Kisha nikamhurumia. Maskini mama wa watu, miaka yote hiyo sokoni, anapigiwa kelele, anashikwa mikono, na hakuna anayejua anavyoteseka. Nikaapa kwamba siku akija kwetu atapumzika.

Siku yenyewe ni leo. Alikuwa anakuja kula chakula nilichopika mimi, samaki na sombe ya majani ya mihogo, kabla ya kutaja siku ya mahari. Bahati alinionya mapema: "Mama akitosheka, tunatoa mahari. Akikataa, siwezi kumuvuka." Kwa hiyo mnaona, sikuwa nacheza.

Kwetu mama mkwe hapokewi kimya. Kina mama wa kwaya wanaimba, wanatandika vitenge chini avikanyage, vigelegele vinapigwa, na kila mtu anampa mkono. Nikawaza, hawa watamuua. Tangu asubuhi nikatoa amri. Hakuna kuimba. Hakuna kumpa mkono. Hakuna kumwangalia usoni, macho yote chini. Viti nikavitoa kwa sababu vinakwaruza sementi, watu wakakaa kwenye mikeka. Bangili, vua. Marashi, hapana.

Mama yangu akauliza, "Mwamini, uko na hakika?"

"Mama, aliniambia ye mwenyewe."

Zikabaki pikipiki. Barabara inapita mlangoni kwetu, na mimi nilishaona kwamba madereva wakikuta matawi ya michikichi yamelazwa njiani, wanapunguza mwendo na hawapigi honi. Basi nikakata matawi, nikayalaza njiani, mengine nikayafunga mlangoni. Kwa nini wanapunguza mwendo, hilo sikulifikiria. (Mtu wa Kindu ameshaelewa. Kaa kimya, usiwaharibie wengine.)

Mama Masika akafika na pikipiki. Dereva akapunguza mwendo, akavua kofia. Mama akashuka, akatazama matawi. Akachungulia ndani ya kiwanja. Akaona wanawake wamekaa chini, vichwa vimeinama, hakuna anayesema. Baba yangu amekunja mikono. Nyuma yao masufuria makubwa yako motoni. Mimi nilikuwa kivulini mlangoni mwa nyumba, nimejaa fahari, nikimsubiri avute pumzi.

Akavuta. Kisha akavua kilemba, akajitupa mchangani.

"Mama yangu eee! Mwamini alikufa! Mutoto ya watu alikufa na mahari hatujatoa!"

Kwetu, matawi ya michikichi njiani ni alama ya msiba. Kina mama wa kwaya wakanigeukia mimi, wakingoja ruhusa ya kusema. (Nilikuwa nimewafundisha vizuri mno.) Kwa kuwa hakuna aliyemjibu, akazidi kulia. Jirani yetu Mama Feza akasikia, akaja mbio na kilio chake na mfuko wa makaa ya kuchangia msiba. Wengine wakaja na mikeka. Shangazi yangu, aliyeniona asubuhi nikila mkate, naye akaanza kulia.

"Shangazi, unalilia nani?"

"Sijui. Wote wanalia."

Nikaziba masikio, nikaenda nikasimama mbele ya Mama Masika. "Mama, niko hapa." Akaniona, akapiga ukelele wa pili, akarudi nyuma kwa makalio. Mpaka aliponigusa mkono ndipo akanyamaza. Wote wakanyamaza. Kiwanja kizima kikawa kinanitazama machoni.

"Mwamini. Nini hii?"

"Njo kukupokea, mama. Ulisema uko kama miye. Sikutaka wakuumize na kelele."

Akaokota kilemba chake palepale mchangani.

"Mutoto yangu, nilisema vile kwa kukutuliza roho tu."

"Basi hauko?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Miye napenda kelele. Ningefurahi sana kukanyaga vile vitenge."

Mama Feza akauliza kama arudi na makaa yake. Hapo nikalia, na nililia kweli, maana niliona ndoa yangu inapanda pikipiki na kuondoka.

Mama Masika akajipangusa mchanga. Akaniuliza taratibu, "Ile woga ilinishika pale mulangoni, wewe unaisikia wakati watu wanaimba?"

"Ndiyo, mama. Kila harusi."

Akajifunga kilemba upya.

"Basi haiko kitu kimoja. Nilikosea kusema."

Akanawa mikono, akakaa mkekani, akala. Wanawake wakala, na waliokuja na mikeka ya msiba nao wakala. Alipomaliza akanigeukia, lakini macho akayaelekeza kwenye sahani.

"Sasa nasema vile iko. Sombe ni nzuri. Samaki ilizidi chumvi. Na mahari tunaleta."

Sijawahi kuambiwa neno tamu kama lile la samaki.

Shida ni moja. Anasema siku ya mahari atakuja na kwaya mbili na matarumbeta, kufidia ya leo. Nikamuuliza kama anatania. Akasema hatanii, na huyu sasa namwamini. Kwa hiyo, kabla hamjacheka, anayejua duka la Kasuku linalouza pamba nzito ya kuziba masikio aniandikie.