Muhuri Usio na Ufa

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu ameondoka na basi la saa kumi na mbili asubuhi. Likizo ya uzazi imekwisha, kiwanda cha nguo kinamtaka, na kiwanda kiko mji mwingine. Mumewe anaendesha malori ya mbali. Humwona mtoto wake kwa nadra, kama watu wanavyoona mwezi uliopatwa. Kwa hiyo Mheshimiwa ameachiwa mimi hadi Jumamosi ya wiki ijayo.

Mheshimiwa ni mjukuu wangu. Ana wiki kumi na nne. Nimempa jina hilo kwa sababu hana nywele, hubebwa kila aendako, husinzia wengine wakizungumza, na uchafu wake husafishwa na watu wengine. Ndiye mjukuu wa pekee. Marehemu mke wangu hakuwahi kumwona.

Maagizo niliyoachiwa: chupa ichemshwe. Maji yachemshwe. Mikono kwa sabuni, kabla ya chupa na baada ya nepi. Na kesho, bila kukosa, zahanati, kwa matone ya pili ya kuzuia kuharisha. Ya kwanza aliyapata kwa wakati. Siku ya matone ya pili dawa ilikuwa imekwisha, wakaambiwa warudi. Matone tu, ya kinywani. Wala si sindano.

Binti alirudia mara tatu. Nikamwambia nimechonga mihuri miaka ishirini na tisa bila kukosea hata duara moja, nitashindwaje na matone. Alinitazama kama mtu anayesoma mkataba.

Jumanne, 4 Machi

Nilifika zahanati saa tatu. Nambari sitini na moja. Nambari tano alikuwa Fundi Viatu, jirani yangu wa ua mmoja, amempakata mjukuu wake aliyevaa soksi. Alinisalimu kwa sauti ya kutosha benchi zima, akauliza leo jua limenichomozea upande gani. Kisha akatoa kadi ya mtoto kwenye mfuko wa nailoni, akajipepea nayo.

Nikapata wazo. Mfukoni nilikuwa na pedi ya wino mwekundu. Nikaenda nyuma ya choo, nikamtia Mheshimiwa madoa kumi na mawili usoni, kwa ncha ya kidole. Kazi safi. Nikarudi nikiuliza watu kwa unyonge kama kuna aliyewahi kuona upele wa namna hii.

Benchi lilifunguka. Akina mama walinipisha hadi mlangoni. Bahati mbaya, ulikuwa mlango wa chumba cha wenye maradhi ya kuambukiza. Nikafungiwa humo peke yangu kwa saa tatu nzima.

Sista alipokuja alimnusa Mheshimiwa shavuni. Akasema ameona upele wa kila aina lakini huu ni wa kwanza wenye harufu ya ofisi. Akaufuta kwa pamba. Matone ya leo wameshafunga, akasema. Nirudi Alhamisi, na nipange foleni kama watu.

Fundi Viatu alikuwa ameshafika nyumbani na kulala kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Sikwenda. Shule moja ilitaka mihuri miwili kabla ya saa nane, na mteja hangoji mtoto anyonye.

Saa sita Binti akapiga simu. Matone? Nikasema tayari. Ulimi hauna mfupa. Akashukuru sana, kisha akaomba nimtumie picha ya kadi. Binti huyu kafanana na marehemu mama yake. Alikuwa hivyo hivyo, anakushukuru huku anakagua.

Nikaichunguza kadi. Kwenye kisanduku cha matone ya kwanza kuna muhuri wa zahanati: duara, jina katikati, nyota mbili. Kazi ya kawaida kabisa. Upande wa kushoto duara lina ufa mwembamba kama unywele. Muhuri uliochoka.

Nilikuwa na kipande cha mpira. Ilinichukua saa moja na nusu. Ule ufa sikuutia. Fundi mwenye heshima zake hachongi ufa.

Nikapiga muhuri kwenye kisanduku cha pili, nikaandika tarehe. Ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza. Wiki ijayo nitampeleka kweli, nikajiambia. Muhuri umetangulia tu, kama mzigo unavyotangulia msafiri.

Binti alijibu: Asante Baba. Sasa nitafanya kazi moyo umetulia.

Nilisoma ujumbe huo mara mbili, nikazima simu ili betri ipumzike.

Jumamosi, 8 Machi

Nimegundua kasoro ndogo katika mpango wangu. Nikimpeleka Mheshimiwa zahanati, wataangalia kadi. Kadi inasema ameshapata. Hawatampa.

Nalifikiria.

Wakati huo huo kuharisha kumeingia uani. Pacha wa Mshonaji, chumba cha mwisho, wameanza wote wawili. Fundi Viatu hajangoja kuambiwa. Ametundika dumu lenye bomba karibu na choo, na sabuni ndani ya wavu, na anasimama hapo kama askari wa lango. Akaniuliza mbele ya watu kama mikono yangu ina ugomvi na maji. Nikanawa mpaka viwiko. Akiwa hayupo sinawi. Siwezi kumpa ushindi wa aina hiyo.

Gesi imekwisha. Chupa ya Mheshimiwa nimeisuuza kwa maji ya bomba. Yalionekana meupe.

Jumatatu, 10 Machi

Sikuamini macho yangu. Sista na mwenzake wameingia uani na kisanduku cha baridi begani, nyumba kwa nyumba, wakitafuta watoto waliokosa matone. Bahati ilikuwa imenifuata hadi mlangoni kwa miguu yake.

Akaomba kadi. Nikampa. Akatazama kwa haraka, akasema huyu amekamilisha, hongera babu. Akageuka.

Ilikuwa niseme. Sentensi moja tu. Lakini Fundi Viatu alikuwa amesimama kizingitini kwake, mikono kifuani, masikio yamesimama.

Kwa hiyo nikajaribu njia ya pembeni. Nikasema kwa mzaha, hamwezi kumwongeza kidogo, kama nyongeza ya dukani? Sista akacheka. Akasema kama wazee wote wangeomba hivyo kazi yake ingekuwa rahisi. Akaenda kwa Mshonaji. Kule hakucheka. Walitoka na pacha mmoja amefungwa kwenye kanga, mbiombio.

Mheshimiwa alinitazama muda mrefu. Pengine ni gesi tumboni.

Jumatano, 12 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la zahanati.

Ilianza jana adhuhuri. Kutapika kwanza, kisha kuharisha, maji matupu, nepi tisa hadi jioni. Nikafikiri kama fundi: pipa linalovuja usilijaze. Nikapunguza maziwa. Maji sikumpa kabisa. Kweli nepi zikapungua. Nikajipongeza.

Leo asubuhi alikuwa analia bila machozi. Kisha akaacha kulia, nikadhani amepata nafuu, nikatoka naye nje aone jua. Fundi Viatu akaja kunichokoza kuhusu sabuni. Sentensi yake haikufika mwisho. Alimgusa mtoto utosini, mahali palipobonyea kama kisahani. Akabana ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama.

Akaniuliza tangu lini hajanywa. Nikamweleza habari ya pipa.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alininyang'anya mtoto, akakimbia naye, aproni ya ngozi kiunoni, gundi mikononi. Mimi nyuma na kadi. Nilikuwa naikimbiza kadi.

Wamemtundikia maji. Mshipa waliutafuta mpaka kichwani. Sista anasema anayeharisha huongezwa cha kunywa, hapunguziwi. Ndiyo maana kuna zile pakiti za chumvi na sukari, bure, pale dirishani. Nimepita dirisha hilo mara ngapi.

Fundi Viatu amekaa mwisho wa benchi. Sijui la kufanya na mtu huyu akinyamaza.

Alhamisi, 13 Machi

Mheshimiwa amefumbua macho saa tatu. Amekunywa kwa kijiko. Amekojoa, na wauguzi wawili wakafurahi kama timu yao imefunga.

Kitanda cha jirani alilala yule pacha. Asubuhi nilikuta kimetandikwa upya. Nikasema, kumbe ameruhusiwa. Amezikwa baada ya adhuhuri. Fundi Viatu ndiye aliyembeba. Sanduku lilikuwa dogo, mtu mmoja alitosha kulibeba.

Niliporudi Sista aliniita pembeni. Kadi ilikuwa mkononi mwake. Akasema muhuri wao ulianguka sakafuni mwaka juzi, ukapata ufa, na tangu siku hiyo kila kadi ya zahanati hii ina ufa. Ila moja.

Nikasema labda wameletewa mpya.

Akasema haulizi kama polisi. Anauliza kwa sababu kuna mtoto hapo, na anataka kujua kama matone aliyapata au hakuyapata. Mficha uchi hazai, nikakumbuka, nikajibu kwamba hakuyapata.

Nikauliza kama angeyapata asingeugua. Nilitaka aseme hapana au ndiyo, chochote kilichonyooka. Akasema matone hayazuii kila kuharisha. Yanapunguza ule mbaya, unaomkausha mtoto. Pengine angeugua hata hivyo, akasema. Pengine si kiasi hiki. Hataweza kujua. Wala mimi.

Akaniagiza nilete muhuri. Akaukata vipande kwa mkasi wa bandeji. Nilisikitika kidogo. Herufi zilikuwa zimekaa vizuri mno.

Jumamosi, 15 Machi

Binti amefika. Nilikuwa nimeandaa maelezo ya hatua nne, yakianza na foleni. Nilipofika hatua ya pili aliinua kiganja.

Aliuliza swali moja tu. Baba, ulipokuwa unachonga, mkono ulitetemeka hata kidogo?

Ningeweza kusema ndiyo. Lakini mtu ana fahari na kazi yake. Nikasema hapana.

Akatikisa kichwa polepole, akaenda kukunja nepi.

Mchana Sista akampa Mheshimiwa matone yake. Alilamba midomo. Sekunde tano. Kadi mpya, muhuri wa kweli, na ufa wake.

Hukumu ni hii. Binti hawezi kuacha kazi. Mheshimiwa atalelewa kwa Fundi Viatu, na mkewe. Mlango wa nne kutoka wangu. Naruhusiwa kumtazama baada ya kunawa, na Fundi Viatu ndiye anayekagua kucha. Nitarudishiwa nikimaliza masomo matatu ya walezi pale zahanati, kila Jumatano, na kila somo lina karatasi, na kila karatasi ina muhuri.

Binti alisema hilo la muhuri bila kunitazama.

Jumatano, 19 Machi

Somo la kwanza. Akina mama ishirini na mimi. Tulijifunza kunawa mikono. Sista aliniita mbele niwe mfano. Wino wa miaka ishirini na tisa hautoki kwa sabuni, darasa likacheka, Sista akasema huyu tunaye mpaka mwaka kesho.

Mshonaji alikuwa amekaa nyuma, amempakata pacha aliyebaki. Yeye hakucheka. Aliandika kila kitu, hata vile vya ubaoni ambavyo Sista alikuwa ameshavifuta.

Nimepata karatasi. Nimempelekea Binti picha. Alijibu: Mbili zimebaki.

Jioni nilinawa, nikakaguliwa, nikampakata Mheshimiwa robo saa. Ameanza kunenepa. Alinishika kidole chenye wino, akakivuta kinywani. Mke wa Fundi Viatu akakitoa.

Jumatano, 26 Machi

Somo la pili lilikuwa leo saa nne: namna ya kuchemsha maji. Maji nayajua. Yanatokota, unazima. Na saa tatu na nusu alikuja mteja wa mihuri mitano, nikamsikiliza, na aliponyanyuka ilikuwa saa sita.

Binti alipiga simu. Nikamwambia somo lilikuwa zuri, nimejifunza mengi. Akashukuru. Akaomba picha ya karatasi.

Ng'ambo ya ua namsikia Mheshimiwa akicheka. Fundi Viatu anamgongea soli kwa nyundo, ko, ko, na kila pigo moja mtoto anaangua kicheko upya. Sikujua kama anajua kucheka. Amejifunzia huko.

Masomo matatu, na wiki ijayo ni la mwisho. Haifai mtoto akae kwa watu kwa ajili ya karatasi moja.

Kulikuwa na kipande cha mpira kilichobaki. Nimemaliza sasa hivi. Duara, jina katikati, nyota mbili. Na upande wa kushoto, kwa ncha ya wembe, ufa mwembamba kama unywele.

Mtu hujifunza kutokana na makosa.