Tai wa Mheshimiwa Waziri

Serikali ilitangaza kwa fahari kuu kwamba tangu siku hiyo, ndege yeyote wa porini atakayetua kwenye bustani ya nyumba atatambuliwa kitaalamu na Idara ya Utambuzi wa Ndege. Wananchi waliombwa waache kubahatisha.

Mtaalamu wa Idara alikuwa mmoja tu, afisa aliyebandikwa jina la Darubini kwa sababu hakuivua shingoni hata mazishini. Wito wake wa kwanza ulitoka kwa Waziri mwenyewe.

"Yule pale juu ya tangi la maji," Waziri alimwonyesha. "Tai. Amekuja bila kuitwa. Wakubwa hujuana."

Darubini akatazama. Akafuta vioo, akatazama tena. Kunguru mtupu, kola nyeupe shingoni, mdomoni kipande cha sabuni.

"Mwizi karudi!" mke wa Waziri alipaza sauti kutoka mlango wa jikoni. "Baba Watoto, hiyo sabuni yangu!"

"Mama Watoto, haya ni masuala ya kitaalamu."

Nyumbani Darubini alikuwa na mke mjamzito, na kazi hii aliisaka mpaka soli za viatu zikalika.

"Ni tai, Mheshimiwa," alisema. "Ila bado kijana. Hajakomaa."

Jioni ile Waziri, kichwa kimemvimba, alitangaza redioni kwamba tai amehamia kwake, akaamuru: penye tai pasikae binadamu, hadi ndege aondoke kwa hiari yake.

Kulipokucha, askari wa hifadhi wakaizungushia nyumba kamba. Mama Watoto alishabeba sufuria zake kwenda kwa dada yake, akicheka njia nzima. Waziri akatolewa akiwa na nguo za kulalia, sanduku mkononi.

"Darubini! Waambie hawa huyu ni kunguru!"

Ulimi ukamtangulia Darubini, aliyekuja na askari. "Nikisema hivyo, Mheshimiwa, watu watauliza nani aliwadanganya jana redioni."

Juu ya tangi ndege akalia, kraa!

"Hata sauti ni ya tai kabisa," alisema mkuu wa askari, akampigia ndege saluti.

"Sasa mimi niende wapi, ndugu yangu?" Waziri aliuliza kwa unyonge.

Mkuu wa askari akamshika mkono taratibu, akamvusha kamba.

"Popote, mzee wangu. Ila usipige kelele. Unamsumbua Mheshimiwa."