Malalamiko ya Kaka Nyundo Kuhusu Upole wa Bendi ya Mabati

Kwa Mwimbaji Kiongozi wa Bendi ya Mabati,
ambaye pia ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Ndugu Mwimbaji,

YAH: KUKOMAA KWENU BILA KUNISHAURI

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umeketi, maana nasikia siku hizi unaimba ukiwa juu ya stuli. Mimi mzima, ila nina kinyongo. Nakuandikia kirasmi kwa sababu simu yangu ungeipokea kwa upole, na upole wako ndio ninaoulalamikia.

Miaka yote mliyofanya mazoezi kwenye stoo ya gereji yangu mlipiga kelele kama watu waliobanwa vidole na mlango, nikavumilia. Wimbo wenu wa kwanza, "Kaka Nyundo", ulinitangaza mji mzima kuwa dikteta anayefunga geti giza likiingia na kumwacha mdogo wake nje aruke ukuta. Nilikasirika sana. Kisha nikazoea, nikaanza hata kuona fahari, na sasa mmeninyang'anya fahari hiyo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wateja. Mashabiki wenu walileta magari yao kwangu, na nina hakika wengine walijigonga makusudi, ili waniombe, "Kaka Nyundo, tufokee kidogo basi, turekodi!" Niliwafokea bure, wakaondoka wakicheka, bodi zimenyooka. Tangu itoke albamu yenu mpya, hii ya upole yenye violini, anakuja mama mtu mzima na mlango uliobonyea, ananishika mkono huku machozi yakimtoka na kuniuliza, "Pole baba, umekula?" Nitanyooshaje mlango mbele ya mtu anayelia?

2. Kazi. Vijana wangu walizoea kugonga bodi kwa kufuata ngoma zenu. Sasa mpiga ngoma wenu anazipapasa kama anayempaka mtoto mafuta, na vijana nao wanapapasa. Kuna buti la teksi linapapaswa tangu Jumatatu.

3. Nidhamu. Fundi rangi akichelewa, nikikunja uso, anatabasamu: "Bosi, wimbo tumeshausikia. Tunajua wewe ni laini." Mamlaka niliyoijenga kwa jasho imebomolewa na gitaa lisilohitaji hata umeme.

4. Mama yetu. Zamani ukiniimba alinipigia simu kunibembeleza: "Usimjali, bado mtoto huyo." Sasa ananipigia kuniuliza, "Mwenzio amekua. Na wewe je?" Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa!

5. Mmehamia ukumbi wenye zulia ukutani, eti bati la stoo yangu linaharibu sauti ya violini. Hapa sina la kuongeza.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mrudishe kelele, nawe unitukane angalau mara moja kwa kila albamu, kwa jina. Kama matusi yamekuishia, shemeji yako yuko tayari kukusaidia. Anayo mengi na ameyapanga vizuri. Mkikataa nitaanzisha bendi yangu, na wimbo wa kwanza utahusu ulivyokuwa ukilia ukinyolewa.

Nisalimie mpiga besi, mwambie kofia yake bado iko hapa. Msalimie dada wa violini, ambaye hana kosa lolote, na mama pia, ukifika kwake kabla yangu.

Ni mimi kaka yako, dikteta niliyestaafishwa kwa lazima,
Kaka Nyundo

Baada ya sahihi: Ule wimbo wa mwisho, unaosema nilifunga geti halafu nikasimama nyuma yake gizani mpaka nikusikie umetua salama, nani alikuambia? Nilikuwa peku makusudi, usinisikie. Redio inayoucheza vizuri iko kwenye gari la mwalimu mmoja. Gari limeisha kutengenezwa kitambo, ila nimemwambia rangi haijakauka. Juzi fundi rangi alinikuta humo ndani, vioo vimefungwa, nikamfukuza. Na stoo nimeibandika zulia kuta zote, lile jekundu la sebuleni, kwa hiyo mimi na shemeji yako hatusemezani. Leteni hiyo violini. Geti siku hizi silifungi.