Naomba Kugombezwa Kama Zamani

Stoo ya Vifaa vya Ujenzi,
Kitale.
Tarehe 1 Desemba, 2025.

Kwa Mzee Kishore,
Mwenye Duka (Mstaafu),
Ghorofa ya Juu.

Mzee wangu,

KUH: OMBI LA KUGOMBEZWA

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini goti limepoa na ngazi sasa unazipanda bila kupumzika katikati. Sisi huku chini tuko salama, ila tumetiwa motisha hadi tunaumwa. Ndiyo sababu nakuandikia bila kupitia kwa Madam Ankita, binti yako na meneja wetu. Naomba radhi kwa kuruka ofisi yake. Malalamiko yenyewe ni haya.

1. Tangu umwachie duka mwezi wa sita, hakuna mtu amegombezwa humu. Zamani, saa moja na nusu, ulisimama mlangoni ukauliza ni nani ameegemeza mabati ukutani kama ng'ombe mgonjwa, na kabla hatujajibu ukatuambia ni nani. Mtu alijua siku imeanza. Siku hizi tunasimama duara, kila mmoja anasema moyo wake uko vipi. Mzee, mimi ni mtu mzima wa Matulo, nina watoto wanne na shamba la mahindi. Hata mke wangu Nelima hajawahi kuniuliza moyo wangu uko vipi. Juzi nilisema uko sawa, nikaambiwa ati sawa si hisia. Kipyegon dereva alisema wake una njaa, akapigiwa makofi.

2. Kuna pembetatu imechorwa ubaoni, pale palipokuwa na bei za misumari. Chini kabisa kuna chakula, halafu usalama, halafu marafiki, halafu heshima, na kileleni kuna kitu kinaitwa kujitambua. Madam anasema ndiyo nadharia, mfanyakazi hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Sijasoma chuo, lakini nimepanga simiti miaka kumi na tisa, na ninajua kwamba mrundo ukiishia kwa mfuko mmoja, wa juu ndio huanguka kwanza. Nilimuuliza chai ya saa nne iko ngazi gani. Akasema ni swali zuri sana. Siku hizi hapa hakuna swali baya.

3. Kevin wa kaunta alimpa fundi mmoja misumari ya mabati badala ya misumari ya mbao, na fundi akarudi akiwa moto. Wewe ungemwambia Kevin maneno ambayo angewasimulia wajukuu. Madam alimshukuru kwa kuthubutu, akamuuliza amejifunza nini. Kevin akajibu amejifunza kujiamini. Wiki iliyofuata akampa mteja mwingine misumari ile ile, kwa kujiamini.

4. Mwezi jana tulipelekwa karibu na Suam, kule mpakani, siku mbili, kujenga umoja. Simu zilikusanywa kwenye kikapu ili akili zitulie. Nelima sikumuaga, kwa sababu ningemwambia naenda kufanya nini? Tulifundishwa kuanguka kinyumenyume ukiwa umefumba macho, mwenzako akudake. Mimi nilipewa Kevin. Mgongo unaendelea vizuri.

5. Sasa lile kubwa. Kabla ya safari hiyo Madam alinichagua Mfanyakazi Bora wa Mwezi. Akatundika picha yangu juu ya kaunta, kwenye fremu nyeusi, na utepe wa zambarau pembeni. Chini aliandika jina langu kamili na miaka niliyofanya kazi, 2006–2025, halafu mstari mmoja wa maandishi madogo. Hakuniuliza. Kwetu, Mzee, picha ya namna hiyo hutangulia mbele ya jeneza.

Tukiwa Suam, shangazi yangu Nasambu aliingia dukani kutafuta bawaba za mlango, akainua macho. Ule mstari mdogo hakuusoma, machozi yalikuwa yamemziba. Duka lilikuwa limeachiwa mtu wa kushikilia, mgeni asiyenijua, na alipomwona mama wa watu analia akampa kiti, maji na pole. Shangazi akapiga simu yangu, akaambiwa mteja hapatikani. Hakuhitaji cheti kingine.

Nilifika Matulo Jumamosi adhuhuri nikakuta hema, viti, na kuku wetu watatu kwenye sufuria. Walinililia vizuri, siwezi kusema uongo. Nelima alikuwa analalamika katikati ya kilio kwamba wamehesabu miaka ya stoo peke yake, ya nyumbani hawakuiweka. Shemeji yangu Khaemba, ambaye hatujasalimiana tangu ugomvi wa mpaka wa shamba, alikuwa amesimama anawaambia watu kwamba mimi nilikuwa mtu wa haki. Aliponiona akaketi, na tangu hapo hajayarudia maneno hayo.

Tena alikuwa ameshachimbisha kaburi, upande wangu wa mpaka, kabla hata ya kuuliza mwili uko wapi. Wazee wakasema kaburi likichimbwa haliachwi tupu. Basi tukazika kigogo cha mgomba, nami nikarusha udongo pamoja na wafiwa wengine. Mchungaji alikuwa ameshaandaa mahubiri, akayatoa yote. Mama yangu Nangila peke yake ndiye hakulia. Alikuwa amewauliza watu asubuhi nzima ile picha ilisema nini hapo chini, na hakuna aliyejua.

Kwa hayo yote naomba picha iteremshwe, duara livunjwe, pembetatu ifutwe na bei za misumari zirudi, nawe ushuke kila asubuhi nusu saa utugombeze. Hiyo ndiyo motisha ninayoijua. Mwaka ule binti yangu Nekoye alipolazwa Webuye, mimi nilikuja kazini. Ulinigombeza mbele ya wateja, ukaniuliza kama nina akili, ukamtuma Kipyegon anipeleke hadi kando ya kitanda chake. Hukuchora kitu ubaoni. Lakini tangu siku hiyo hakuna mfuko hata mmoja wa simiti umelowa katika stoo yako.

Nisipogombezwa kufikia Ijumaa, nitaacha kazi niende Bungoma, ambako nasikia kuna mwenye duka bado anapiga kelele.

Msalimie sana mkeo, Mama Bimla, na umwambie chai yake ya tangawizi tunaikosa. Wote wa stoo wanakusalimu, hata wale wasiojua kwamba nimeandika.

Mimi wako mtiifu, na niliye hai,

Wakoli,
Mtunza Stoo.

Tanbihi: Nilipokwenda kutafuta bahasha nimemkuta Kevin juu ya ngazi anateremsha picha yangu, kwa kuwa leo ni mwezi mpya. Nimemwambia airudishe, na utepe wake. Mama yangu anakuja kuiona Jumamosi. Hajui kusoma. Nimemweleza kwamba hapo chini pameandikwa "Asante, Wakoli, bila wewe stoo hii haingesimama," na kwamba ni maneno ya kawaida ya ofisi, lakini anasema lazima asomewe papo hapo na mwenye duka. Sauti yako anaijua, nimemwigizia ukigomba miaka kumi na tisa. Kwa hiyo hayo mengine yote niliyoomba, Mzee, yaache. Jumamosi saa nne, goti likikubali, shuka umsomee. Mimi nitakuwa hapo kando, napanga simiti.